Kunakili ripoti ya fildi ya mwenzako

Mdogo wangu, umeuliza kama ni kosa kuchukua ripoti ya fildi (mafunzo ya vitendo) ya rafiki yako, inayoeleza kisa cha mtoto, kubadilisha majina na kuikusanya kama yako. Ni kosa, tena siyo moja. La wizi wa kazi ya mwenzako unalijua mwenyewe, na chuo kinaweza kukufutia matokeo. Linalonisumbua mimi zaidi ni yule mtoto aliyeelezwa mle ndani. Kubadilisha jina hakumfichi: ukiacha mtaa, shule, umri na kazi ya mama yake, jirani yeyote atamtambua. Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Rafiki yako naye hakuwa na ruhusa ya kukugawia taarifa hizo.

Kama siku za fildi zilikupita kwa sababu ya nauli au ugonjwa (wengi tumepitia hapo), mwone msimamizi wako wa chuo leo, kabla ya kukusanya. Omba siku za kufidia. Ripoti yangu ya fildi ilikuwa na visa viwili tu, nyembamba kweli, na nilifaulu.