Kombe linang'aa, mabwenini wanachechemea

Nilipokuwa makamu mkuu wa shule, kocha wetu wa netiboli nilimpima kwa swali moja: UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, tumefika wapi? Tukivuka wilaya, kocha mzuri. Tukitolewa, maneno yanaanza. Mpaka jioni moja matroni akanivuta pembeni: wasichana wanachezea maumivu, usiku wanajifunga vitambaa vifundoni, maana ukisema umeumia unapoteza namba.

Nikaamua kuwauliza wote wanaomwona kocha kazini, na nikaanza kwa kuharibu. Niligawa karatasi tupu, kila mchezaji aandike maoni yake. Kocha huyohuyo anafundisha Kiswahili! Insha zao anasahihisha yeye, miandiko yote anaijua. Wiki iliyofuata msichana mmoja akawa benchi. Sina ushahidi, lakini sikurudia.

Siku hizi ni dodoso la kuweka alama ya vema tu, maswali yasiyozidi kumi, na anayelikusanya ni mwalimu asiyehusika na timu. Kocha hapewi karatasi, anapewa muhtasari. Waliojibu katika kundi moja, kama wazazi au walimu, wakiwa chini ya watano, majibu yao siyatoi peke yake, maana watatambulika.

Kazi kubwa ni kujua nani aulizwe nini. Mzazi anayefika siku ya mechi tu usimuulize mambo ya mbinu. Muulize kama alipigiwa simu mtoto alipoumia. Walimu wenzake wanajua kama mazoezi huisha kabla ya prepo. Wachezaji usiwaulize kama wanampenda kocha. Uliza wanachokiona: "Ukikosea, anakuonyesha namna ya kurekebisha?" Na wa akiba usiwasahau, hao huona mengi wakiwa wamekaa.

Kocha naye ajaze dodoso lilelile, kabla hajaona ya wengine. Wetu alijipa alama za juu kwenye kuwasikiliza majeruhi. Wachezaji walimpa za chini kabisa. Nilimwonyesha tukiwa wawili tu, mlango umefungwa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Wote?"

Usichanganye alama zote upate wastani mmoja, utaficha pengo kama hilo. Wala usigawe madodoso wiki mliyofungwa, utakusanya hasira.

Kocha alianza kuuliza kabla ya kila mazoezi nani ana maumivu. Wiki tatu za kwanza hakuna aliyenyoosha mkono.