Boti ya kale ya mbao: chomeka bisibisi kwenye mbao kwanza, faiba baadaye (au usiweke kabisa)

Usinunue. Au nunua, lakini usikimbilie kulipa kabla ya Jumapili eti kwa sababu muuzaji amesema Jumapili.

Umeandika kwamba umeona boti ya mbao pale Keshero, hapa Goma, ya kale, imepakwa rangi mpya, na fundi amekuambia mtaifunika yote kwa faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa rezini, gundi ya maji maji) "iwe kama mpya". Halafu ukauliza moteri ya nguvu ngapi, fimbo gani, chambo gani na rangi gani, maana unataka kujifunza kuvua samaki aina ya besi kama wale Wamarekani wa kwenye video. Mimi nilisoma mpaka kwenye neno faiba nikaweka simu chini. Nimekunywa chai, nimerudi, hasira bado iko.

Mdogo wangu, hilo neno "tufunike" ndilo lililokula pesa yangu. Mambo ya besi tutayaongea nikikumbuka.

Yangu niliinunua kwa mtu wa upande wa Kituku, pale bandarini. Ya bluu, inang'aa, ukiisogelea unasikia harufu ya rangi. Boti imekaa ziwani miaka yote hiyo bila mtu kuijali, kisha wiki ya kuuzwa ndiyo inapakwa rangi, na mimi hapo naona ni bahati! Nikaita fundi. Simtaji jina, ana watoto. Akaizunguka mara moja, akaipiga kofi ubavuni, akasema: "Papa, hii ni libuyu, haiozi. Tukiifunika na faiba, kutoa maji utasahau." Alisema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Libuyu haiozi! Hakuna mbao isiyooza ukiipa unyevu usiotoka, hewa kidogo na muda. Ile libuyu ngumu inachelewa tu, na ile boti ilikuwa imekwisha kuchelewa vya kutosha.

Sasa sikiliza jinsi inavyokwenda, maana huyo fundi wako hatakuambia. Mbao ikiwa ndani ya maji inavimba, ikikaa juani inasinyaa. Kila siku inacheza hivyo. Faiba ikishaganda haichezi. Ni ganda gumu. Kwa hiyo vitu viwili vimegandishwa pamoja, kimoja kinatembea na kingine kimekaa, na mahali pa kuachana ni palepale vinaposhikana. Tena ile rezini ya bei nafuu haishiki kwenye mbao yenye unyevu, wala kwenye mbao iliyopakwa gudroni (lami) miaka kumi mfululizo. Na boti gani ya kale hapa Goma haina gudroni? Fundi wangu alikwangua juu juu, akaanika boti mchana mmoja wa jua, akaanza kumimina. Dawa ya kugandisha inatakiwa kama asilimia 1 mpaka 2 ya rezini. Yeye alipima kwa kifuniko cha chupa ya soda, huku anaongea na simu. Sehemu moja iliganda mikononi mwake kabla hajaitandaza, sehemu nyingine ilinata mpaka kesho yake.

Lakini hata angepima kama mfamasia, shida ingebaki. Maji hayaingii boti kwa chini tu. Mvua inanyesha ndani. Samaki wanatiririsha maji ndani. Wewe mwenyewe unapanda na miguu imelowa. Maji hayo yanashuka kwenye mbavu, yanaingia kwenye tundu za misumari, yanafika katikati ya mbao na ganda la faiba, na hapo hayana njia ya kutoka. Zamani mbao ilikuwa inakauka kwa upande wa nje. Sasa umeifunga. Ukungu unaokula mbao unataka mahali pa namna hiyo hasa, na sisi tunaulipia rezini. Halafu huku kwetu hatuna mchanga wa kuvutia boti. Tuna mawe ya volkano ya Nyiragongo. Ukiivuta mara chache tu juu ya lava ile, faiba ya chini inachanika, maji yanapata mlango wa pili.

Mwanzo nilifurahi. Sikatai. Boti ilikuwa kavu ndani, nilipiga picha, nilituma mpaka kwa shemeji Bukavu. Baadaye nikaona inakaa chini zaidi majini, na kuivuta nchi kavu ikaanza kutaka watu wengi kuliko zamani. Nikamuuliza fundi. Akasema: "Imekunywa kidogo, itazoea." Mbao iliyokunywa maji haizoei kitu. Hilo ndilo jibu ninalomdai hata leo, kuliko pesa.

Na mimi, kwa furaha ile, nikanunua moteri. Nguvu ya farasi 15, mitumba lakini safi, karibu kilo 40, nikaifunga kwenye ubao wa nyuma uliofunikwa faiba vizuri mno, laini, unajiona usoni. Nikaifunga na mnyororo pia, maana mimi ni mtu mwangalifu (chekeni). Tulikuwa tunarudi kutoka upande wa kisiwa cha Idjwi, jioni, upepo umeanza, mawimbi yanapiga pembeni. Nikaongeza gesi. Ujue moteri inavyofanya kazi: propela inasukuma kule chini, kwa hiyo vile vishikio vya juu vinauvuta ubao kwenda nyuma kwa nguvu zote. Nikasikia sauti ndogo tu, kama mtu amevunja mkate mkavu. Moteri ikainama, ikanitazama, ikaondoka. Ikaondoka na kipande cha ubao kati ya vishikio vyake. Na mnyororo je? Mnyororo nilikuwa nimeufunga kwenye ubao uleule. Ulikwenda pia, kwa uaminifu.

Ziwa Kivu linafika mita 485 penye kina kirefu, na hata karibu na ufukwe linazama ghafla. Hakuna aliyejitolea kupiga mbizi.

Nilishika ule ubao uliobaki. Ganda la faiba la nje lilikuwa zima, na la ndani zima. Katikati mlikuwa na kitu cha kahawia, chepesi, kinavunjika vipande vya mraba vidogo vidogo kati ya vidole, na kinanuka uyoga. Hapo ndipo nilipokuwa nimening'iniza kilo 40 na maisha ya watu watatu. Maji yakawa yanaingia kwa nyuma, tukasogea wote mbele, tukawa tunatoa maji kwa sufuria ya chakula.

Waliotuokoa ni wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa Kivu, wanatoka na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa bado hawajaziwasha. Mmoja akauliza: "Mukubwa, moteri iko wapi?" Nikamjibu imetangulia. Walicheka mpaka nyimbo zao zikakatika. Kisha wakataja bei ya kutuvuta, na kwenye bei hawakucheka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sina nyingine: bisibisi kabla ya pesa. Chukua bisibisi ya kawaida yenye ncha, nenda wakati boti iko nchi kavu, muuzaji awepo. Anza na ubao wa nyuma, kuzunguka matundu ya bolti na pembe za chini. Kisha miguu ya mbavu, pale zinapokutana na sakafu ya boti, mahali pasipofika jua. Kisha ubao wa chini kabisa, pande zote mbili za uti wa boti, na chini ya viti, pale maji ya mvua yanapolala. Sukuma kwa nguvu ya mkono, usigonge kwa nyundo. Mbao nzima inaikataa bisibisi, inaingia kidogo tu na ukiichomoa inatoka na unyuzi wa mbao safi. Mbao iliyooza inaikaribisha. Ikiingia mpaka karibu na mpini, ukaona inatoka na unga wa kahawia, huhitaji maoni ya fundi yeyote. Gonga pia kwa mpini: mbao nzima inalia, iliyooza inajibu kama mtu aliyefunika mdomo.

Na ng'oa msumari mmoja. Mmoja tu, ulio chini ya maji boti ikiwa ziwani. Misumari ya kale inaliwa katikati, pale mbao mbili zinapokutana; kichwa unakiona kizima, mwisho mzima, kiuno kimekuwa sindano. Kichwa kikikatika mkononi, jua boti nzima inashikiliwa na rangi.

Muuzaji atasema unamharibia rangi. Bila shaka. Rangi ndiyo anayouza. Mwambie utamlipia kopo. Akiendelea kukataa, umeokoa pesa yako kwa gharama ya nauli ya pikipiki.

Ukikuta mbao moja mbili mbaya na zingine nzima, hapo kuna biashara. Zinatolewa zote zilizooza pamoja na kipande cha mbao nzima pembeni yake, unaweka mpya iliyokauka, misumari iliyopakwa zinki, pamba inapigwa kwenye nafasi, gudroni juu. Kazi ya zamani, wazee wa Kituku wanaijua, na boti inaendelea kupumua. Ubao wa nyuma wala usibishane: tengeneza mpya, mnene, wa mbao ngumu, uufunge kwa bolti zinazotoboa upande hadi upande na kuukamata kwenye mbavu na kwenye uti, siyo misumari. Mnyororo wa moteri uufunge kwenye ubavu, mbali na huo ubao! Lakini ukikuta miguu ya mbavu imekwisha upande mzima, hesabu kwanza bei ya mbao mpya na siku za fundi. Mara nyingi utagundua boti mpya inakaribia bei ya kufufua maiti, na mpya utajua nani aliipigilia.

Faiba kwenye mbao inawezekana, nisije nikaitwa mshamba. Kwenye boti mpya ya tripleksi (plaiwudi) nzuri, kavu kabisa, kwa epoksi, ile rezini inayoshika zaidi, ndani na nje, watu wanafanya na inadumu. Hiyo siyo unayouziwa.

Moteri: uliuliza ya ngapi. Jua tu kwamba Kivu iko kama mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na moteri inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kila mita 100. Moteri ya farasi 15 hapa inafanya kazi kama ya 13. Usishindane na ya video. Na ikizama ukaipata (wengine wana bahati), usiiache juani ikauke wakati unatafuta fundi. Ama ishughulikiwe saa ileile, plagi nje, maji yote yatoke, mafuta ndani, ama iendelee kukaa ndani ya maji safi mpaka fundi afike. Kinachoila haraka ni hewa.

Besi, eeh. Ndugu yangu, besi yule wa mdomo mkubwa ni samaki wa Amerika ya Kaskazini. Afrika aliletwa na watu. Naivasha kule Kenya yupo tangu miaka ya 1920. Kivu hayupo. Hata sambaza wetu ni mgeni, alitolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na yeye anavuliwa usiku kwa taa na wavu, siyo kwa fimbo. Yale masamaki ya plastiki yenye macho unayoyaona yakirushwa kwenye majani yanamdanganya samaki mla samaki. Tilapia anakula vitu vya kijani na vidudu. Atayatazama tu yapite. Ndoano ndogo, mnyoo au donge la ugali, kaa kwenye mawe asubuhi. Kurusha fimbo utajifunza hapohapo ufukweni, bila boti. Na yeyote atakayekuambia tulete vifaranga vya besi tuwamwage Kivu, mkimbie: samaki mwenye mdomo ule atakula watoto wa kila kitu tunachokula sisi.

Jile za kuokolea (majaketi ya kuelea), kila kichwa ya kwake, na zivaliwe. Baada ya ile meli iliyozama mbele ya Kituku Oktoba 2024, watu wakitazama toka ufukweni, sitaki kusikia kwamba zinatia joto.

Sasa fanya hivi. Kabla ya Jumapili nenda na bisibisi, mfukoni uwe na nauli tu. Nitumie hapa picha ya ubao wa nyuma, upande wa ndani, na picha ya bisibisi ikiwa bado imechomekwa nione imeingia kiasi gani. Picha ya boti nzima yenye rangi sitaki, hiyo ninayo ya kwangu.