Maswali ya Wasomaji: Baridi ya Agosti, Kivuli cha Kijiti na Siafu wa Novemba

Likizo ya Agosti imekaribia, na barua za wazazi, viongozi na skauti wenyewe zimefuatana. Tumezijibu tano. Karibu zote zina chanzo kimoja cha tabu: mpango umetolewa kwenye kitabu kilichoandikiwa Uingereza, ukaletwa Nairobi, ambako jua, mvua na baridi vina majira yake.

*Mwanangu ana miaka minane, ni skauti Sungura, ngazi ya watoto wadogo. Kundi lao la shuleni litalala siku mbili katika kambi ya Rowallan mwezi wa nane. Orodha tuliyopewa inasema "blanketi moja". Je, inatosha? — Mama, Umoja*

Haitoshi, mama. Usiku wa Agosti Nairobi hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na alfajiri ya anga isiyo na mawingu hupungua zaidi. Rowallan iko pembeni mwa msitu wa Ngong Road, na nyasi za pale huwa zimelowa umande kabla watoto hawajalala.

Ila usikimbilie kumrundikia mablanketi juu. Baridi inayomwamsha mtoto saa tisa usiku hutoka chini. Kinachozuia joto la mwili kutoka ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi za blanketi, na mtoto akililalia anaibana hewa hiyo yote ikaisha. Kwa hiyo anza na turubai au gunia safi lililopasuliwa, lizuie unyevu. Juu yake tandaza maboksi ya katoni yaliyofunguliwa, tabaka mbili. Duka lolote la mtaani litakupa. Katoni ina vijimifereji vya hewa ndani yake ambavyo uzito wa mtoto hauvibani kwa urahisi. Kisha blanketi moja lililokunjwa mara mbili. Baada ya hapo ndipo umfunike kwa mablanketi mawili.

Nguo za kulalia ziwe kavu na za kulalia tu: soksi, suruali ndefu, sweta na kofia ya sufu, zote zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wake, asiziguse mchana. Mtoto akilala na fulana aliyokimbia nayo siku nzima, jasho lililomo litampoza usiku kucha hata kama kwa mkono fulana hiyo inaonekana imekauka. Mpelekee kiongozi ujumbe kwamba mtoto anywe uji wa moto kabla ya kulala, kisha aende chooni, asije akajibana hadi asubuhi kwa kuogopa giza.

Kuna jambo tunaloliomba kwa kila mzazi atakayelala kambini na watoto. Jiko la makaa lisiingizwe ndani ya hema, hata kama moto umepungua na yamebaki majivu yenye wekundu kidogo. Makaa hayo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala moshi. Mtu huumwa kichwa, husikia usingizi mzito, na huenda asiamke tena. Ukitaka joto, jaza chupa maji ya moto, igeuze kichwa chini uone kama inavuja, ivishe soksi, umwekee mtoto miguuni.

*Mimi ni skauti Chipukizi, ngazi inayofuata Sungura, nina miaka 13. Kitabu kinasema nielekeze mshale mfupi wa saa kwenye jua, kisha nusu ya pembe kati yake na 12 ni kusini. Nilijaribu uwanjani Lang'ata nikapata kaskazini. Nilikosea wapi? — Skauti, Lang'ata*

Hukukosea, mwanetu. Kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya Lang'ata. Uingereza jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu la adhuhuri huhama: tangu nusu ya pili ya Machi hadi karibu mwisho wa Septemba liko kaskazini yetu, na miezi iliyobaki liko kusini. Hata ukiigeuza kanuni hiyo, bado haifai hapa, kwa sababu jua hupita karibu na utosi na kubadili upande upesi mno. Weka saa mfukoni, utafute kijiti.

Kiwe kimenyooka, na kikishasimama kibaki na urefu wa mita moja juu ya ardhi. Kisimamishe kwenye udongo mtupu ulio sawa. Kwenye nyasi hutaiona ncha ya kivuli vizuri. Funga jiwe dogo kwenye uzi, uuning'inize kando ya kijiti pande mbili, uhakikishe kiko wima. Weka kokoto ya kwanza kwenye ncha ya kivuli. Subiri nusu saa, uweke ya pili. Kokoto ya kwanza ni magharibi, ya pili ni mashariki, kwa kuwa jua likienda magharibi kivuli chake huenda mashariki. Simama ya kwanza ikiwa kushoto kwako na ya pili kulia: unatazama kaskazini.

Wengi hushindwa kwa kukosa subira. Karibu na adhuhuri ncha ya kivuli cha kijiti cha mita moja husogea sentimita sita au saba tu kwa robo saa. Ukisubiri dakika tano, kokoto zenyewe ni nene kuliko safari ya kivuli.

Kosa la pili limejificha zaidi, nalo ni la saa. Ukifanya zoezi hili katikati ya Agosti kati ya saa tatu na nusu na saa nne na nusu asubuhi, mstari wako utapinda karibu nyuzi tisa. Ukiufuata kwa kilomita moja, utafika mita 150 hivi kando ya ulikokusudia. Sababu ni kwamba mwezi huo ncha ya kivuli hupita njia ya upinde, na upinde huo hunyooka karibu na adhuhuri tu.

Kwa hiyo, kama kikosi chenu kina siku nzima, tumieni uzi. Saa tano asubuhi fungeni uzi kwenye shina la kijiti, uvuteni hadi ncha ya kivuli, wekeni kokoto hapo, kisha mchore duara kwa urefu uleule. Kivuli kitafupika kiingie ndani ya duara, halafu kirefuke tena. Katikati ya Agosti kitaligusa duara upande wa pili kama saa nane na robo mchana. Wekeni kokoto hapo pia. Mstari wa kuunganisha kokoto hizo mbili ni magharibi na mashariki kamili, na hakuna dira ya bei nafuu itakayowashinda.

Mtaona pia kwamba kivuli kifupi kabisa, sentimita 27 hivi, hakiji saa sita kamili bali kama saa sita na dakika 37. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, inayopita karibu na Mogadishu. Jua huchukua nusu saa na zaidi kutoka kule hadi kwetu. Na mkirudia zoezi katika juma la tatu la Machi au juma la mwisho la Septemba, simameni pale adhuhuri mtazame kivuli kikitoweka chini ya kijiti. Mtoto aliyeliona hilo mara moja halisahau.

*Siku ya familia tutakuwa watoto 24 na watu wazima 10. Mwaka jana maharagwe yalikuwa magumu hadi saa tisa, na ugali ulikuwa na unga mbichi katikati. Tufanyeje? — Baba, Kahawa West*

Tuanze na maharagwe, maana ndiyo yanayochelewesha kila kitu. Nairobi iko juu sana: maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za pwani, na kuongeza kuni hakuyafanyi yawe moto zaidi, kunayamaliza tu. Dawa ni kuloweka. Chukueni kilo tatu za maharagwe makavu ya msimu mpya, muyaloweke usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa saa nane au zaidi, kisha mmwage maji hayo. Yachemsheni kwa moto mkali kwa dakika kumi za kwanza, kwa sababu maharagwe, hasa mekundu, yana sumu inayoumiza tumbo yasipochemka sawasawa. Kisha funikeni, mpunguze moto, muyape saa mbili. Nyanya zitiwe yakishalainika; uchachu wake hulifanya ganda la haragwe ligome. Mkitaka chakula saa saba, moto uwashwe saa nne. Githeri ya mahindi makavu tungewashauri mwiache nyumbani siku hiyo.

Ugali: pakiti tatu za kilo mbili zinatosha watu 34, kwa maji lita 12 hivi. Ulibaki mbichi kwa sababu sufuria ilikuwa moja. Kilo sita kwa pamoja hakuna mkono unaoweza kuzigeuza hadi chini, na madonge hujifunga yakiwa na unga mkavu ndani. Tumieni sufuria mbili, kilo tatu kila moja, na mwiko mrefu. Kabla ya kutia unga, choteni maji ya moto kwenye bakuli, ili ugali ukikaza mapema muwe na cha kuulegeza. Ukishashikana, funikeni kwa moto mdogo dakika tano. Kabeji kubwa nne zitatosha kwa mboga.

Kabla ya kula, watoto wanawe kwa kibuyu chirizi, na wakijenge wenyewe. Mtungi wa plastiki wa lita tano, tundu moja la msumari upande wa mbele chini kidogo ya shingo, fimbo kupitia mkononi mwa mtungi, na nguzo mbili zenye panda za kuishikilia fimbo. Uzi hutoka shingoni hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Uzi ukiwa mfupi mno, kijiti kitaning'inia hewani na kuuinamisha mtungi muda wote, maji yaishe kabla ya mtoto wa tano. Ncha ya kijiti ilale chini isipokanyagwa. Sabuni itobolewe itundikwe kwa kamba pembeni, la sivyo itakuwa matopeni muda si mrefu.

*Kambi yetu ya Novemba ilivamiwa na siafu, na watoto wawili walirudi na malengelenge shingoni. Wengine wanasema ni mdudu aliyewakojolea. — Kiongozi wa skauti, Kayole*

Malengelenge hayo yana kila dalili ya yule mdudu mwembamba wa rangi nyekundu na nyeusi ambaye watu wengi humwita Nairobi fly. Hakojoi, haumi wala hadungi. Sumu iko katika majimaji ya mwili wake, na hutoka anapopondwa. Mtoto humsikia anatambaa shingoni, anampiga kofi, na kazi imekwisha. Ngozi huanza kuwaka baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana wazazi hulaumu chakula au sabuni. Wafundisheni watoto kumpuliza, au kumwekea karatasi apande wamtoe. Akipondwa, osheni mahali hapo kwa sabuni na maji mengi mara moja, na mtoto asishike macho kabla ya kunawa mikono. Mdudu huyu hufuata mwanga, kwa hiyo taa itundikwe mbali na milango ya mahema. Jicho likivimba, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Siafu hutembea sana udongo unapolowa. Kabla ya kusimamisha hema, zungukeni eneo lote mkitazama chini, na mrudie kabla ya giza kuingia. Msafara wao huonekana kama utepe mweusi wa upana wa kidole au viwili, na mara nyingi umechimba kijinjia chake. Usihesabu kwamba utawageuza. Hamisheni hema, msiwasumbue. Majivu makavu yaliyomwagwa kuzunguka hema husaidia, lakini mvua ikinyesha hayafai tena na lazima yamwagwe upya. Wakiingia usiku, watoto watoke nje kwanza, wavue nguo, ndipo siafu wang'olewe mmojammoja; kuwakanyaga kunawachokoza zaidi.

Na msipige hema chini ya mikaratusi, hata pakionekana pamekauka. Matawi yake huanguka bila onyo.

*Tunataka kuwapeleka watoto Nyeri Februari kwenye kaburi la Baden-Powell. Kuna cha kuwafanyisha, au ni kutazama tu? — Mama na Baba, Donholm*

Kipo. Tarehe 22 Februari ndiyo siku aliyozaliwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka 1857, na mkewe Olave alizaliwa tarehe hiyohiyo mwaka 1889. Baden-Powell alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941, na majivu ya Olave yamezikwa pamoja naye. Kwenye jiwe la kaburi pana duara lenye nukta katikati. Ni alama ya njia ya skauti, maana yake "nimekwenda nyumbani".

Wiki moja kabla, wafundisheni watoto alama za njia pale Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi: mshale wa vijiti kwa "pita hapa", msalaba kwa "usipite", na duara lenye nukta mwisho wa njia. Wekeni alama kila hatua 30 na msizidishe kumi. Chakula kibaki ndani ya mikoba iliyofungwa, kwa sababu tumbili wa pale hunyakua mkononi. Msiwaambie watoto kuhusu kaburi. Waacheni waione wenyewe ile alama ya mwisho wakifika Nyeri.

Ni kilomita 150 hivi kutoka Nairobi. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Alfajiri ni baridi na mchana jua ni kali, kwa hiyo sweta na kofia vyote viwili, na lita moja na nusu ya maji kwa kila mtoto.