Saa ya babu ina Cupid juu, niisugue na Brasso?

SWALI: Shikamoo mzee. Babu alituachia saa ya mezani ya Kifaransa, juu kuna mwanamke, katoto kenye mabawa na upinde, na njiwa wawili. Imepauka, niing'arishe? – Msomaji, Jinja

JIBU: Marahaba, na hiyo Brasso weka chini! Huyo mama ni Venus, katoto ni Cupid, miungu ya mapenzi ya Warumi, mtindo uliopendwa sana enzi za Louis wa 16, mfalme wa Ufaransa. Kama ni ya kweli basi hiyo ni dhahabu, utando mwembamba tu juu ya shaba, ukisugua inaondoka jumla. Geuza uangalie chini penye mkwaruzo, njano ni shaba, kijivu ni zinki, yaani kopi ya karne ya 19, hapo msianze kuota gari. Na pendulamu, ile timazi inayobembea ndani ya saa, huenda inaning'inia kwa uzi wa hariri, so itoe kabla hujapanda nayo taksi kwenda kwa fundi Kampala.