Samani za ofisi zisiishie Pugu

Fuso lilipiga safari mbili. Mimi nilikuwa getini nasaini karatasi, na nyuma ya lori zilikuwemo meza ishirini na kitu, viti vya kuzunguka, na makabati ya mafaili ambayo bado yalikuwa yanafunga kwa ufunguo. Ilikuwa siku ya mwisho ya mkataba wa pango, mwenye jengo anasubiri funguo zake, na afisa utawala ni mimi. Dereva akaniuliza, "Dada, hivi vyote dampo?" Nikamwambia ndiyo, Pugu Kinyamwezi.

Mdogo wangu anafundisha shule ya msingi Chanika. Lori lile lingeendelea mbele kidogo tu kwenye barabara hiyohiyo, lingefika shuleni kwao, ambako walimu wawili wanaachiana kiti kimoja. Jambo hilo liliniuma sana, na linaniuma hadi leo.

Tangu hapo nimehamisha ofisi mara mbili hapa Dar es Salaam, na hakuna hata kiti kilichokwenda dampo. Mtu wa kuvitaka vitu hivi yupo siku zote. Tunachokosa ni siku. Kwa hiyo ukisikia tu minong'ono kwamba ofisi inahama au inapunguza ghorofa, anza. Wiki sita ni za kutosha, wiki moja haitoshi.

Anza na kibali, maana ndicho kinachokula muda. Vitu vya ofisi vipo kwenye daftari la mali, huwezi kuvigawa kwa huruma yako. Kama ni mradi, mfadhili lazima aridhie kwa maandishi. Kama ni ofisi ya serikali, kuna utaratibu wa Hazina na haupindishwi. Sisi barua ilichukua wiki tatu kurudi, na wiki hizo nilizitumia kupiga picha kila kitu na kukipima kwa futi. Vipimo usivipuuze. Nilishawahi kumpelekea mtu meza ya mikutano ikagoma kupita mlangoni.

Halafu tenganisha kwa jinsi kitu kilivyotengenezwa. Meza ya mninga au mkongo haina shida, mafundi wa Keko wataigombea hata ikiwa na mguu mmoja. Makabati ya chuma yaliyopinda huchukuliwa na wa vyuma chakavu kwa kilo, ila yaliyo mazima usiyapeleke huko kabla hujauliza zahanati na ofisi za serikali za mitaa, wao mafaili wanayarundika sakafuni. Viti vya kuzunguka vilivyokufa wape mafundi viti: kimoja hutoa magurudumu, kingine mtungi wa gesi wa kupandisha na kushusha kiti, kingine mguu wa nyota, na katika vitano wanasimamisha vitatu.

Kazi ipo kwenye meza za MDF na chipubodi, yaani mbao za unga na chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na ndizo nyingi. Skrubu ikishatoka kwenye chipubodi hairudi ikashika kama mwanzo, na maji yakiigusa inavimba kama mkate. Kwa hiyo kama mlango unaruhusu, ihamishe nzima. Kama hauruhusu, mlipe fundi aifungue kwa bisibisi, skrubu za kila meza zikae kwenye mfuko wake na namba juu. Vijana wa kubeba wakiachiwa wataivuta mpaka ing'oke. Na tafadhali, vipande vilivyobaki asipewe mama lishe akavipikie. Gundi iliyomo ndani ina formaldehaidi, kemikali ya sumu, na moshi wake ataupumua yeye na wateja wake. Vipande virefu mafundi hugeuza kuwa rafu.

Kuna watakaokwambia dampo lipo kwa kazi hiyo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliushtaki uongozi wa Jiji kwa kuwamwagia taka mtaani, wakashinda. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani, na mwaka 1991 wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Kila tunachokipakia kwenye Fuso kinashushwa karibu na nyumba ya mtu.

Kwa shule, zungumza na mwalimu mkuu mwenyewe, na muulize anataka nini kabla hujamtajia ulichonacho. Yule wa Chanika hakutaka viti vya kuzunguka darasani, watoto wangeviharibu kwa siku mbili. Alitaka makabati, meza za ofisi ya walimu, na ubao mweupe. Usafiri lipa wewe. Kirikuu ni pesa ndogo kwa ofisi, kwa shule ni pesa kubwa, na zawadi isiyo na usafiri hubaki kwenye korido mpaka siku ya mwisho. Andika barua ya makabidhiano nakala tatu, moja abaki nayo askari wa getini.

Funguo za makabati zifunge kwa selotepu ndani ya droo ya juu, na droo hiyo iache wazi. Kabati likifika bila ufunguo litavunjwa kitasa siku hiyohiyo.