Kuta za theluji za Tateyama: anza kupanga na basi la mwisho

Ile picha ya basi likipita katikati ya kuta mbili nyeupe, ambayo sisi tunaoishi Japani hutumiana kwenye simu kila ikifika Aprili, haikutengenezwa na kompyuta. Ni Murodo, kwenye milima ya Tateyama mkoani Toyama, mita 2,450 juu ya usawa wa bahari. Pepo za baridi kutoka Siberia hupita juu ya Bahari ya Japani, huzoa unyevu, kisha zikikutana na milima hii huumwaga wote kwa namna ya theluji. Barabara hufungwa majira yote ya baridi. Matingatinga huifukua majira ya kuchipua (masika ya huku) yakikaribia, na katikati ya Aprili wasafiri huanza kupita. Mwaka wenye theluji nyingi kuta hukaribia mita 20 kwenda juu.

Watu wengi wakiniuliza habari za safari hii huanza na nguo. Mimi huanza na saa ya basi la mwisho.

Sababu ni hii. Kutoka kituo cha Tateyama hadi Ogizawa, upande wa pili wa milima mkoani Nagano, unabadilisha chombo baada ya chombo. Kwanza treni ya kuvutwa kwa kebo, dakika 7 hadi Bijodaira. Halafu basi la kupanda mlima, dakika 50 hadi Murodo. Kutoka hapo basi la umeme linapita ndani kwa ndani ya mlima kwa dakika 10 hadi Daikanbo (hadi mwisho wa msimu wa 2024 lilikuwa basi la kupokea umeme kutoka nyaya zilizo juu yake, likastaafishwa). Kisha gari la kebo linaloelea angani, dakika 7 bila nguzo hata moja katikati. Kisha treni nyingine ya kebo, hii yote iko chini ya ardhi, dakika 5. Unatembea kwa miguu juu ya bwawa la Kurobe, halafu basi la mwisho la umeme, dakika 16 ndani ya handaki.

Jumlisha, utaona haifiki hata saa mbili. Hesabu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Kila kituo kina foleni yake, na siku za msongamano unaweza kusimama kwenye foleni muda mrefu kuliko ulivyokaa ndani ya vyombo vyote. Na vyombo havisubiri jioni. Huduma huisha alasiri, jua likiwa bado linawaka. Kwa hiyo chukua ratiba ya siku yenyewe, maana hubadilika kulingana na msimu, tazama basi la mwisho la siku kutoka Ogizawa kwenda Nagano, kisha rudi nyuma kituo kimoja kimoja ukiacha nafasi ya foleni. Mimi hufika Murodo kabla ya saa nne asubuhi, na ikigonga saa nane mchana ninaondoka, hata kama mawingu ndiyo kwanza yanafunguka.

Ndiyo maana nasema lala Toyama usiku uliotangulia. Shinkansen, treni ya mwendo kasi, kutoka Tokyo huchukua saa mbili na kidogo tu, na wapo wanaoondoka alfajiri na kuvuka siku hiyohiyo. Inawezekana, lakini utafika Tateyama pamoja na umati wote. Aliyelala Toyama anapanda treni ya mapema ya reli ya mji, inayofika mguuni pa mlima kwa muda wa saa moja hivi, anavuka, anashukia Nagano na kurudi Tokyo kwa shinkansen. Mizigo mikubwa usiivushe mwenyewe. Hoteli zina utaratibu wa kuituma, nawe ubaki na begi la mgongoni. Na usikodi gari kwa ajili ya siku hii, kwa sababu magari binafsi hayaruhusiwi kupanda Murodo.

Kuhusu tarehe, ushauri wangu unapingana na wa wengi. Wote wanakimbilia wiki za mwanzo kwa sababu ukuta uko juu kabisa. Ni kweli, lakini Aprili hali ya hewa huko juu ni ya vurugu, na upepo ukizidi gari la kebo husimamishwa. Kisha kati ya Aprili 29 na Mei 5 kuna mfululizo wa sikukuu, nusu ya Japani iko barabarani. Mimi huchagua siku ya kazi katikati ya Mei. Ukuta umepungua, lakini ukisimama chini yake bado utainua shingo mpaka iume, na unaweza kupiga picha bila mabega ya watu kumi na tano ndani yake.

Tiketi ya kuvuka upande mmoja inazidi yen 10,000 kwa mtu mzima, na pasi ya JR, kampuni kubwa za reli za Japani, haifanyi kazi kwenye njia hii. Nunua mapema mtandaoni, kwa sababu tiketi ya mtandao inakupa saa maalumu ya treni ya kwanza. Saa hiyo ndiyo unayoilipia hasa.

Sasa nguo. Aprili na mwanzoni mwa Mei joto la Murodo huzunguka nyuzi sifuri, na upepo huifanya baridi iwe kali zaidi. Vaa tabaka tabaka, na viatu visivyopitisha maji vyenye soli ya kukamata, maana njia ya kutembea kando ya ukuta huwa na utelezi. Miwani ya jua si ya urembo huko. Theluji hurudisha mwanga mwingi machoni. Wala usijidanganye kwamba ngozi nyeusi haiungui. Paka losheni ya jua, na mafuta ya mgando midomoni. Ukihisi kichwa kizito punguza mwendo, unywe maji. Umepanda zaidi ya mita 2,000 asubuhi moja.

Ukikuta ukungu usinune. Siku za ukungu ndizo raicho, ndege wa milimani anayekuwa mweupe wakati wa baridi na kugeuka kahawia masika, hutoka kutembea, kwa sababu tai hawamwoni vizuri. Mtazame kwa mbali, analindwa kisheria.

Bwawa la Kurobe wengi hulipita mbiombio wakiwahi basi. Mimi hulitengea saa nzima. Lina kimo cha mita 186, refu kuliko mabwawa yote ya Japani, na lilijengwa kati ya 1956 na 1963 ili Osaka na jirani zake wapate umeme. Wafanyakazi 171 walikufa katika kazi hiyo, na kuna mnara wa kuwakumbuka palepale bwawani. Ndani ya handaki la basi la mwisho utaona taa za buluu zikionyesha sehemu ya mita 80 ambapo mwamba ulikuwa umepondeka na maji yakibubujika. Kuichimba hiyo tu kulichukua miezi saba. Lakini kama unayataka yale maporomoko ya maji yanayofunguliwa bwawani, hayo huanza mwishoni mwa Juni, masika hutayaona. Migahawa ya hapo huuza wali uliofinyangwa umbo la bwawa, mchuzi wa kari ukiwa ndiyo ziwa. Usiyekula nguruwe uliza kwanza, au beba chakula chako kutoka Toyama, na takataka zako ushuke nazo.

Ukifika Ogizawa, anayerudi Tokyo apande basi la moja kwa moja hadi Nagano. Asiye na haraka ateremke Omachi, ambako kuna hoteli zenye maji moto ya chemchemi. Huko watu huoga pamoja bila nguo, wanaume kwao na wanawake kwao. Kama hilo huliwezi, kabla ya kulipia chumba uliza kama wana bafu la faragha la kukodi kwa saa.