Maswali ya Wasomaji: Mshauri wa wahamiaji Ujerumani ni mtu wa nani?

*Nimetoka Bukavu, niko Kassel mwezi wa nne sasa. Kambini tunaambiwa kuna mshauri kila Jumanne, lakini wenzangu wananikataza kumweleza mambo yangu, eti ni mtu wa serikali na anapeleka maneno. Ni kweli?* (Msomaji, Kassel)

Si kweli, ingawa tunaelewa hofu hiyo inakotoka. Jengo moja la kambi lina watu wa ofisi tatu au nne, wote wana kompyuta na wote wanakuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa. Anayeamua kesi yako ni BAMF, ofisi ya taifa ya uhamiaji na wakimbizi. Mshauri kwa kawaida ni mwajiriwa wa shirika: Caritas, Diakonie, Msalaba Mwekundu wa Ujerumani, AWO au Paritätischer. Fedha za huduma hiyo hutoka serikalini, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Hawezi kukupa kibali, wala hana kazi ya kukuchongea.

Wengi wao ni maofisa ustawi wa jamii waliosomea na kutambuliwa rasmi. Kifungu cha 203 cha sheria ya jinai kinawabana: anayetoa siri ya mteja anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi mwaka mmoja. Ndiyo maana akitaka kuulizia jambo lako Jobcenter, ofisi ya ajira na posho, atakupa kwanza karatasi iitwayo Schweigepflichtentbindung, yaani ruhusa ya kukusemea. Kabla ya kutia saini, angalia kama imeandikwa ni ofisi gani na ni jambo gani. Ikiwa nafasi hizo ziko wazi, mwombe azijaze mbele yako.

Wewe unayesubiri uamuzi, uliza Asylverfahrensberatung, ushauri wa kesi za hifadhi ulioingizwa katika sheria mwaka 2023. Wenye kibali na umri wa zaidi ya miaka 27 huenda MBE, ushauri wa wahamiaji watu wazima ulioanza 2005. Vijana wa miaka 12 hadi 27 wana JMD, huduma ya vijana wahamiaji. Ukibisha mlango usio wako watakuelekeza. Kote ni bure.

*Mwanangu wa miaka 12 anajua Kijerumani kuliko sisi wote. Niende naye kwa mshauri anitafsirie?* (Mama wa watoto watatu, Bremen)

Mama, mwache aende shule. Mtoto akitafsiri habari za vita au za mwili wa mama yake, hufupisha au huruka yale yanayomtia aibu, na yaliyobaki analala nayo. Jirani naye ana tatizo lake: hajala kiapo, na kesho mtakutana dukani. Unapopiga simu kuomba miadi sema unahitaji mkalimani wa "Suaheli", ndivyo Wajerumani wanavyoiandika. Ofisi nyingi hupata mkalimani wa kulipwa, aje mwenyewe au asikike kwa simu, ila wanahitaji siku kadhaa kumpanga. Ukitokea tu asubuhi bila taarifa, utamkuta mshauri peke yake na Kijerumani chake.

Kwenye mahojiano ya BAMF mambo ni mazito zaidi. Mkalimani wanamleta wao, bila malipo. Mapema kabisa taja Kiswahili chako ni cha wapi, maana wa Bujumbura, wa Kivu na Mbajuni hawasemi sawa. Mwanamke anaweza kuomba ahojiwe na mwanamke.

Kinachowaangusha Waswahili ni saa. Umesema "walikuja saa mbili usiku", mkalimani aliyejifunza lugha kitabuni ameandikisha saa 2:00, usiku wa manane. Mbele kidogo unasema duka la jirani lilikuwa bado wazi. Kwenye karatasi unaonekana unajipinga, na uamuzi unaweza kuja na maneno kwamba maelezo yako hayaaminiki. Baada ya kutaja saa ongeza alama: "jua lilikuwa limezama kama saa moja hivi iliyopita", kisha omba iandikwe 20:00. Udugu nao una mitego. "Ndugu" na "kaka" hugeuka kuwa kaka wa tumbo moja, na "mama mdogo" anaweza kufanywa mke wa pili wa baba. Kwa kila mtu eleza nani kamzaa nani.

Mwishoni maelezo yako husomwa tena kwa Kiswahili. Umechoka, una njaa, unataka kwenda. Usisaini kwanza. Hapo ndipo makosa husahihishwa kwa urahisi. Yakishasainiwa, kuyabadilisha ni kazi ya wakili.

*Barua ya kukataliwa ilifika nikiwa safarini kwa rafiki. Niliporudi mshauri akaniuliza bahasha iko wapi, nikamwambia nimeitupa. Akashika kichwa. Bahasha ina nini?* (Msomaji, Leipzig)

Ina tarehe. Bahasha ya manjano huletwa kwa utaratibu maalumu: mtu wa posta huandika kwa kalamu juu yake siku aliyoitumbukiza kwenye sanduku lako, na muda wa kwenda mahakamani huanza siku hiyo, hata kama ulikuwa safarini na hukuifungua. Kwa kesi za hifadhi muda huo huwa wiki mbili, na kwa baadhi ya maamuzi wiki moja tu. Umeandikwa kurasa za mwisho, chini ya neno Rechtsbehelfsbelehrung, yaani maelezo ya jinsi ya kupinga uamuzi; mshauri huanzia huko kusoma. Bila bahasha mkononi mwako, hana pa kuanzia kuhesabu.

Kwa walio katika kambi za mapokezi, barua hupitia ofisi ya kambi. Usipoichukua, siku ya tatu baada ya kufika ofisini inahesabiwa umekwisha kupewa. Pita kila siku kwenye orodha ya barua. Ukihama, peleka anwani mpya BAMF, ofisi ya wageni (ile inayotoa vibali vya kukaa) na mahakamani kama kesi iko huko, kisha bandika jina lako kwenye sanduku la barua. Chumba cha watu wanne chenye jina la mmoja kimeshapoteza kesi nyingi.

Mshauri si wakili na hawezi kukuwakilisha mahakamani. Siku zikiwa zimebaki mbili, atakupeleka Rechtsantragstelle, dirisha la mahakama ambako karani huandika dai lako bila wakili. Nenda na anayejua Kijerumani. Ada ya mahakama kwa kesi za hifadhi haipo, ila wakili ni gharama yako. Barua za Jobcenter zina mwezi mmoja wa kuzipinga. Zile zinazotumwa kwa posta ya kawaida, tangu 2025, huhesabiwa zimefika siku ya nne baada ya kutumwa.

*Nimeolewa Bavaria, nimetokea Mombasa, mwaka mmoja na miezi minane sasa. Mume ananipiga, pasi yangu ya kusafiria ameificha, na anasema nikitoka nyumbani kwake kesho yake narudishwa Kenya.* (Dada, hatutaji mji)

Dada, mume hafukuzi mtu nchini. Anayeamua ni ofisi ya wageni, nayo inafuata sheria. Kwa kawaida kibali cha ndoa hujitegemea baada ya miaka mitatu ya kuishi pamoja Ujerumani, lakini sheria inaondoa sharti la miaka kwenye ugumu wa kupita kiasi, na kupigwa na mume kumo. Kinachotakiwa ni ushahidi: cheti cha daktari kinachotaja majeraha na tarehe, picha, ujumbe wa simu, namba ya jalada la polisi. Vitunze kwa mtu unayemwamini, visiwe kwenye simu anayoifungua yeye.

Namba 116 016 ni ya wanawake wanaopigwa, bure, usiku na mchana. Futa namba hiyo kwenye simu ukimaliza. Mshauri wa MBE atatafuta nafasi katika nyumba ya hifadhi ya wanawake, na kukutafutia wakili wa ushauri wa awali: ukiwa na hati ya Beratungshilfe kutoka mahakama ya wilaya, unamlipa euro 15. Usiandike barua yoyote kwa ofisi ya wageni, wala kutia saini karatasi aliyoileta mume, kabla hujakaa na mshauri. Mume akiwa na pasi yako, polisi wanaweza kwenda nawe nyumbani kuichukua pamoja na nguo zako.